Mbwa mwitu tunayemwogopa na mbwa anayelala mlangoni

Kijiji ninachokihudumia kimepakana na pori la akiba. Kiangazi kimoja ilizuka habari kwamba kundi la mbwa mwitu limeonekana ng'ambo ya mto na kwamba limekula mtoto wa kijiji jirani. Kwa siku tatu watoto hawakwenda shule. Wanaume walikesha nje na mikuki na tochi. Wajawazito wawili waliokuwa na miadi ya kliniki hawakutokea, na nilipompigia mmoja simu akaniuliza, "Dada nesi, wakinikuta njiani utakuja kunizika wewe?" Baadaye ilijulikana kwamba hakuna mtoto aliyeliwa popote. Waliouawa ni mbuzi wanne.

Siku ya pili ya taharuki hiyo bibi mmoja alimleta zahanati mjukuu wake wa miaka saba, ana homa. Kipimo kilionyesha malaria. Nilipokuwa namwangalia mwili nikakuta alama za meno kwenye shavu la mguu, kidonda kikavu kilichoanza kufunga. Nikamuuliza bibi ni nini. "Ah, hiyo? Ni kale katoto ka mbwa ketu, walikuwa wanacheza. Nilimpaka majivu na pilipili." Zimepita siku ngapi? Tisa. Na mbwa yuko wapi? "Kalikufa, siku ya tatu yake. Kalikuwa kanatoka mate tu, hakali."

Malaria nilijua nitaitibu. Lile la pili ndilo lililonifanya mikono iwe ya baridi. Kijiji kizima kilikuwa kinakesha kumsubiri mnyama wa ng'ambo ya mto, na mnyama niliyemwogopa mimi alikuwa ameshafukiwa nyuma ya nyumba ya bibi.

Mbwa mwitu yupi?

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Kwa Kiswahili tunawaita wanyama wawili tofauti kwa jina moja. Yupo mbwa mwitu wetu wa Afrika, mwenye masikio makubwa ya mviringo na madoa meusi, ya manjano na meupe, anayewinda kwa makundi kwenye hifadhi kama Ruaha na Nyerere. Huyu huua swala, na akikosa huingia kwenye zizi la mbuzi. Visa vya yeye kumshambulia mtu ni nadra sana.

Wa pili ni mbwa mwitu wa nchi za baridi, yule wa hadithi anayemeza bibi na kuvaa nguo zake. Anaishi Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Tanzania hayupo. Lakini sifa zake zimesafiri kwa vitabu vya watoto na filamu, na tumezibandika kwa huyu wetu. Hata kundi la vijana wahalifu Dar es Salaam liliwahi kuitwa Mbwa Mwitu, na kila mtu akaelewa maana yake bila kufafanuliwa.

Je, yule wa nchi za baridi anastahili sifa hiyo? Sitaki kusema kwamba watu wa kale walikuwa wajinga. Ufaransa, katika eneo la Gévaudan, kati ya 1764 na 1767 watu wapatao mia moja waliuawa na mnyama au wanyama ambao wengi wanaamini walikuwa mbwa mwitu. India, miaka ya 1990, katika majimbo ya Bihar na Uttar Pradesh, watoto wengi wa wafugaji na wakulima maskini walichukuliwa na mbwa mwitu kwenye vijiji ambako hapakuwa na swala waliobaki na watoto walilala au kuchunga bila mtu mzima karibu. Yalitokea kweli.

Lakini hesabu ya siku hizi inasema jambo jingine. Taasisi ya Norway ya utafiti wa mazingira, NINA, ilikusanya taarifa za mashambulizi ya mbwa mwitu dunia nzima kuanzia 2002 hadi 2020. Walipata watu 489 walioshambuliwa. Waliokufa ni 26. Kwa Ulaya na Amerika Kaskazini pamoja, ambako kuna mbwa mwitu wapatao 75,000, walioshambuliwa walikuwa 14 na waliokufa wawili, kwa muda wote huo.

Sasa angalia ndani ya ile 489. Watu 380 kati yao walishambuliwa na mbwa mwitu mwenye kichaa cha mbwa. Yaani karibu wanne katika kila watano hawakushambuliwa na mnyama mwenye njaa. Walishambuliwa na mnyama mgonjwa. Mbwa mwitu mzima humkimbia mtu. Aliyeshikwa na kichaa hupoteza woga, huingia kijijini mchana, hung'ata mtu huyu, akamwacha, akamng'ata yule. Hali kadhalika kwa karne nyingi zilizopita: sehemu kubwa ya hofu ya mbwa mwitu ilikuwa hofu ya kichaa cha mbwa, ila watu walimwona mnyama na hawakuviona virusi.

Mbwa mwitu wawili waliotufundisha kutibu

Haya mawili hapa chini nayapenda, mtanisamehe nikiyarefusha kidogo. Tulipokuwa chuoni tulisoma tu kwamba "kidonda kikubwa hupewa chanjo na kingamwili". Hatukuambiwa elimu hiyo ilitoka wapi.

Julai 1885, jijini Paris, Louis Pasteur alimchanja kwa mara ya kwanza mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, Joseph Meister wa miaka tisa. Mtoto akapona. Machi mwaka uliofuata walifika Paris watu 19 kutoka mkoa wa Smolensk, Urusi. Walikuwa wamejeruhiwa vibaya na mbwa mwitu mwenye kichaa, na safari peke yake ilikuwa imekula karibu wiki mbili. Wakati huo watu wa namna hiyo walihesabiwa kuwa wamekwisha kufa. Pasteur aliwachanja wote. Watatu walikufa, 16 walirudi kwao.

Kwa nini wale watatu walikufa? Virusi vya kichaa cha mbwa havitembei kwenye damu kama vya magonjwa mengine mengi. Vinaingia kwa mate kwenye kidonda, vinashika mshipa wa fahamu, vinapanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Chanjo nayo inahitaji siku kadhaa ili mwili utengeneze askari wake. Ni mbio. Jeraha la mguuni, virusi vina safari ndefu. Jeraha la usoni au kichwani, safari ni fupi, na chanjo inaweza kuchelewa.

Jibu lilipatikana Iran mwaka 1954. Mbwa mwitu mmoja mwenye kichaa aliwang'ata watu 29. Taasisi ya Pasteur ya Iran ilikuwa na dawa mpya ya kujaribu: askari waliokwisha kutengenezwa, walio tayari, wa kumchoma mgonjwa siku ile ile ili wamlinde wakati chanjo inaanza kazi. Kati ya waliong'atwa kichwani, watano walipewa chanjo peke yake, na watatu kati yao walikufa. Kumi na watatu walipewa chanjo pamoja na dawa hiyo, akafa mmoja. Kuanzia hapo mtu mwenye jeraha baya la kung'atwa anapaswa kupata vyote viwili. Dawa yenyewe leo inaitwa imunoglobulini, nayo huchomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe.

Mlangoni kwako

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Gawanya kwa siku: ni watu 160 kwa siku moja. Mbwa mwitu waliua 26 kwa miaka kumi na tisa. Kwa Tanzania wataalamu wamekadiria vifo 1,500 hivi kwa mwaka, vingi haviingii kwenye daftari kwa sababu mgonjwa hufia nyumbani, na watu husema alirogwa au alipata malaria ya kichwani. Wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Na anayewaambukiza ni nani? Katika kila wagonjwa 100 duniani, 99 wameambukizwa na mbwa wa kufugwa. Huyu anayekula makombo ya ugali wako na kulala kwenye kizingiti.

Sisemi umchukie. Nasema woga wetu umekaa upande usio wake. Mbwa wa nyumbani tunamjua jina, ndiyo maana akimkwaruza mtoto tunasema walikuwa wanacheza. Kama ni fisi aliyemng'ata yule mjukuu mguuni, bibi angemkimbiza hospitali usiku ule ule. Nina hakika kabisa.

Tena si kila mbwa mwenye kichaa ni mkali. Wengine hunyamaza. Taya linalegea, mate yanachuruzika, anashindwa kumeza, sauti inabadilika, miguu ya nyuma inapooza, anajificha gizani. Watu hudhani amekwamwa na mfupa na kumtia mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Mate ya mbwa huweza kubeba virusi siku chache kabla hajaonekana mgonjwa, na mbwa mdogo hana kinga eti kwa sababu ni mdogo.

Kwa binadamu, dalili huanza mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa huweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Kidonda kilichokwisha kupona huanza kuwasha au kuchonyota. Homa, kichwa, hofu. Halafu kwa wengi huja lile la kuogopa maji: mgonjwa ana kiu, anaona kikombe, koo linabana. Nimeliona mara moja katika kazi yangu na halinitoki. Dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika karibu kila mara, kwa sabuni na sindano. Sifahamu ugonjwa mwingine wenye mlango mpana hivyo upande huu na ukuta mzito hivyo upande ule.

Ukishang'atwa

Osha. Kabla ya nauli, kabla ya kumtafuta mwenye mbwa, kabla ya kwenda kwa mtendaji. Maji yanayotiririka na sabuni yoyote, ya kufulia pia inafaa, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu. Tumia saa ya simu, maana nimewaona watu wakiosha dakika mbili na kuapa ni ishirini. Kama huna bomba, mtu mmoja amimine kwa kopo na mwingine asugue taratibu, hata mtoto akilia. Sabuni inaharibu ganda la nje la virusi. Ukimaliza paka ayodini au spiriti kama ipo.

Usipake majivu, pilipili, mafuta ya taa, chumvi, kahawa wala dawa ya meno. Vinachoma kidonda bila kuua virusi, na vinakupotezea muda. Usikifunge kidonda kwa nguvu, na usikubali kishonwe haraka haraka. Kama kuna ulazima wa kushona, mtaalamu atachoma imunoglobulini kwanza.

Kisha nenda kituoni siku hiyo hiyo. Sema wazi, "Nimeng'atwa na mbwa," usiseme "nina kidonda". Kama ngozi haikukwaruzika na mbwa alikulamba tu, ukinawa inatosha. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu unahitaji chanjo. Meno yaliyopenya ngozi, au mate yaliyoingia kwenye kidonda, mdomoni au machoni, yanahitaji chanjo na imunoglobulini. Utapewa pia sindano ya pepopunda kama inahitajika, lakini hiyo ya pepopunda haizuii kichaa cha mbwa. Kosa hili nimekutana nalo mara nyingi: mtu kachomwa ya pepopunda, karudi nyumbani akiwa na amani.

Chanjo huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Zile sindano za tumboni mlizosimuliwa na babu zenu ziliachwa zamani. Ratiba hutegemea njia. Ikichomwa ndani ya ngozi, unarudi siku ya 3 na siku ya 7 tangu ya kwanza. Ikichomwa kwenye msuli, ni siku ya 3, ya 7, kisha moja zaidi kati ya siku ya 14 na 28. Vituo vingine hutumia ratiba ya zamani yenye sindano tano. Mama mjamzito anachanjwa. Anayenyonyesha anachanjwa. Mtoto mchanga anachanjwa. Mwenye kuishi na VVU aseme ili ratiba yake ipangwe vizuri.

Tatizo ninalolijua ni hili: zahanati nyingi hazina chanjo hiyo, unaambiwa nenda hospitali ya wilaya, huko nako wakati mwingine imekwisha, na pale unapolipia si bei ndogo ukijumlisha na nauli ya kurudi mara tatu au nne. Watu huchoma sindano ya kwanza, wanaona mtoto anacheza, wanaacha. Piga simu hospitali kabla hujapanda gari, uulize ipo. Haipo, uliza iko wapi. Na umalize dozi zote.

Vipi ukichelewa? Nenda hata hivyo. Wiki mbili, mwezi, miezi miwili, maadamu hakuna dalili, bado unachanjwa.

Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungiwa bila hatari, asiuawe. Afungwe na kuangaliwa siku 10, na afisa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima siku hizo zikiisha, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini usisubiri hizo siku 10 ndipo uanze sindano.

Na mnyama wa porini je?

Takwimu za hapo juu zisikufanye uzembe. Fisi, mbweha, nyegere, au mbwa mwitu mwenyewe akikung'ata, osha, chanjwa, bila kusubiri uthibitisho. Lindi na Mtwara mbweha wamekutwa na kichaa kwa wingi kuliko maeneo mengine ya nchi. Mnyama wa porini anayekaribia watu mchana bila woga ni wa kukaa naye mbali, na mtoto asiende kumpiga picha.

Lakini wanyama hawa nao wana mashtaka yao dhidi yetu. Serengeti, mwanzoni mwa miaka ya 1990, makundi ya mbwa mwitu yalitoweka, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa baadhi yao. Ethiopia, kwenye milima ya Bale, kuna aina ya mbwa mwitu mwekundu ambao watu wazima wake hawafiki 500 duniani, na ugonjwa huu umewaua kwa mafungu mara kadhaa. Virusi vililetwa na mbwa wa wafugaji. Ng'ambo ya mto wangekuwa na akili kama zetu, wao ndio wangekesha na mikuki.

Kinachokata mnyororo ni kuchanja mbwa. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100 na kurudia kila mwaka, virusi vinakosa pa kwenda. Pemba walifanya. Ugonjwa ulitoweka 2014, chanjo za mbwa zikalegea, ukaingia tena 2016, mbwa wakachanjwa upya, na kufikia 2018 ulikuwa umetoweka kwa mara ya pili. Kuua mbwa ovyo hakusaidii, kwa sababu wanaouawa ni wale wanaokamatika, ambao mara nyingi ndio waliochanjwa, na nafasi yao hujazwa na wageni wasiochanjwa.

Yule mjukuu alifika hospitali ya wilaya jioni ile. Bibi aliuza mbuzi mmoja kati ya wale walionusurika ng'ambo. Sindano zote alimaliza, leo yuko darasa la tatu. Kama kale kambwa kalikuwa na kichaa kweli hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna kichwa kilichopelekwa maabara, nasi huwa hatusubiri kujua. Septemba iliyopita maafisa mifugo walipokuja kwa ajili ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo ni tarehe 28, bibi alikuja na mbwa mpya, amemfunga kipande cha kanga shingoni badala ya kamba. Cheti cha chanjo amekichomeka ndani ya kadi ya kliniki ya mjukuu. Tarehe ya kurudia ameiandika mlangoni kwa mkaa.